Mchicha wa Themi na deni langu

Naanza na swali kwa ninyi mliowahi kuishi Arusha, hata kama ni kwa miezi ya mafunzo tu. Umewahi kujiuliza kwa nini kata moja ya mji wetu inaitwa Unga Limited? Wengi wanalitaja jina hilo kwenye daladala kila siku bila kulifikiria, kama vile mtu anavyotaja jina lake mwenyewe.

Jibu ni rahisi. Palikuwa na kinu cha unga. Unga Limited ilikuwa kampuni ya kusaga nafaka iliyoanzia Kenya mwaka 1908, na nyuma yake alikuwapo Lord Delamere, yule mlowezi maarufu. Kampuni ikafika Arusha na mashine zake, wafanyakazi wakapanga vyumba jirani, mtaa ukakua. Baadaye kampuni ikatoweka, jina likabaki. Leo kata ile ni ya watu wengi na vyumba vidogo, na unga unanunuliwa kwa kilo moja, nusu, hata robo. Sisi tuliokulia jirani tulikuwa tukitaniana kwamba unga wa pale ndio wenye limited yenyewe.

Babu yangu alibeba magunia kwenye kinu hicho. Nitamrudia baadaye.

Sasa utauliza, kichwa kinasema mchicha, mbona tunasaga unga? Ni kwa sababu nina deni, na deni lenyewe lilianzia kwenye mchicha.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa ndiyo kwanza naanza uandishi, gazeti moja lilinituma niandike habari ya mboga zinazolimwa kando ya Mto Themi. Nikaenda. Nikaona matuta ya mchicha, chainizi na sukuma wiki, nikaona akina mama wanachota maji mtoni kwa ndoo, na nikaona kwa macho yangu kile kinachoingia kwenye mto ule kutoka juu: maji ya kuoshea magari, taka, na mengine ambayo sitayataja maana huenda unakula. Nikapiga picha. Nikaandika. Mhariri akatia kichwa cha habari chenye neno sumu, herufi kubwa, nami nikafurahi kama mtoto aliyepewa baiskeli. Jina langu lilikuwa juu ya ukurasa!

Wiki mbili baadaye nilipita kwenye genge la mama mmoja ninayemnunulia mboga tangu nikiwa shule. Beseni lake lilikuwa limejaa mafungu yaliyonyauka. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, wewe si ndiye uliyeandika?" Nikakubali. Akasema, "Umeandika maji ni machafu. Ni kweli ni machafu. Lakini mbona hukuuliza masafi yako wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilinunua mafungu manne nisiyoyahitaji, nikaondoka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza wazee, nikitafuta jibu la swali ambalo nilipaswa kuliuliza mimi: kwa nini mtu alime pale?

Ndugu zangu, inabidi tupande mlima kwanza.

Mlima Meru una zaidi ya mita 4,500 na ndio unaotupa mvua. Upande wa kusini ni wa kijani mwaka mzima, na mito yetu yote inashuka kutoka huko: Themi, Naura, Burka, Ngarenaro. Majina yenyewe yanaeleza. Ngarenaro ni Kimaasai, Enkare Narok, maji meusi. Wameru na Waarusha walilima huko migomba na maharage, wakachimba mifereji ya kumwagilia, huku tambarare chini ikiwa ya wafugaji. Ilipotokea njaa kule chini, watu walipanda juu. Katika miaka ya 1890, sotoka ilipoua ng'ombe na kufuatiwa na ndui na ukame, kipindi ambacho Wamaasai wanakiita Emutai, familia nyingi za wafugaji zilikimbilia kwa Waarusha, lugha moja na ndugu wa mbali, wakashika jembe ili waishi. Kwa lugha ya leo tungesema mlima ulikuwa ghala la taifa. Hapakuwa na taifa lakini ghala lilikuwepo.

Halafu wakaja Wajerumani. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Meru pamoja na Wachaga waliokuwa wameandamana nao. Kisasi cha Wajerumani kilikuwa kikali: nyumba zilichomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakachukuliwa. Hebu fikiria maana ya kukata mgomba. Ukichukua mahindi umechukua chakula cha mwaka mmoja, lakini ukikata shamba la migomba umechukua chakula cha miaka inayokuja. Kufikia mwaka 1900 boma lilikuwa limesimama, lile lile ambalo leo ni makumbusho na watu wanapigia picha za harusi. Mji wetu ulizaliwa hivyo, kama ngome ya kuwalinda watu wa serikali dhidi ya wakulima.

Ardhi ilifuata. Mashamba ya walowezi yakakatwa chini ya mlima, wakiwemo Makaburu walioletwa kutoka Afrika Kusini miaka ya mwanzo ya 1900. Juu msitu ukawekwa kuwa hifadhi. Wenyeji wakabaki katikati, juu hawapandi na chini hawashuki. Kuna waandishi wa historia walioiita hali hiyo pete ya chuma. Waingereza walipoichukua nchi baada ya vita hawakuifungua pete. Tena waliikaza.

Kisa cha Ngare Nanyuki mnakijua, au mnapaswa kukijua. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru karibu 3,000 kutoka kwenye mashamba yaliyoandikwa namba 31 na 328 ili eneo liwe la mifugo ya Wazungu. Nyumba zilichomwa, watu wakapelekwa Kingori. Wameru wakachangishana fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akiwa na wakili Earle Seaton. Hiyo ni miaka miwili kabla TANU haijazaliwa, na miaka mitatu kabla ya Nyerere kwenda huko huko. Shuleni tulifundishwa safari ya Nyerere. Ya Kirilo ilipewa mistari miwili, kama sikosei, na mwalimu alikuwa na haraka.

Kuna jambo dogo la nyumbani ambalo vitabu huwa vinalipita. Pete ya chuma haikuwafunga tu waliokuwepo, iliwafunga na waliozaliwa. Mzee ana kihamba cha ekari mbili na watoto wa kiume sita. Gawanya. Babu yangu alikuwa wa tano kuzaliwa, kule Poli. Alipofika umri wa kuoa aliambiwa kwa upole kwamba kwake pamebaki mstari wa migomba kando ya mfereji. Akashuka mjini, akapata kazi ya kubeba magunia kwenye kinu.

Kwa hiyo mtu anapokuambia watu wa mjini wanalima kwa sababu wameleta ushamba mjini, mwambie anaisoma historia kwa kuanzia mwisho. Walishuka kwa sababu shamba liliisha.

Na mji nao haukuwataka na majembe yao. Mji wa kikoloni ulikuwa na ramani: Wazungu huku na bustani zao pana, Wahindi madukani, Waafrika kule ng'ambo. Maofisa wa afya sehemu nyingi za Afrika Mashariki waliyapiga vita mahindi mjini, wakidai yanazalisha mbu. Maua ya waridi hayakuzalisha mbu, bila shaka. (Nikiri kitu hapa maana uandishi ni haki: watafiti nchini Ethiopia waliwahi kuonyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, kwamba unga wa mbelewele za mahindi ukidondoka kwenye madimbwi huwa chakula kizuri cha viluwiluwi vya mbu wa malaria. Wakoloni walikuwa wamekaribia ukweli kwa njia ya kubahatisha. Lakini hawakufyeka mahindi ili kumlinda mtu wa Ngarenaro.)

Twende haraka sasa. Uhuru. Februari 1967, Azimio la Arusha. Mji una watu elfu thelathini na kidogo. Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki inaanzishwa na makao yake yanakuwa hapa. Vinakuja viwanda, Kiltex ya nguo, General Tyre ya matairi. Wanakuja watu wa mshahara.

Halafu mvua zinakataa. Miaka ya 1973 na 1974 ukame na bei ya mafuta vinagongana, nchi inaagiza nafaka kutoka nje, na serikali inatangaza Kilimo cha Kufa na Kupona. Hapa ndipo ninapowaomba mtulie kidogo, maana ndipo penye jibu.

Serikali ile ile ambayo vitabu vyake vya sheria bado vilikuwa na harufu ya kikoloni kuhusu mazao mjini ikawaambia watu wa mjini: limeni. Ofisi zikalima, shule zikalima, wafanyakazi wa viwandani wakalima. Kila penye udongo pakapandwa. Bibi yangu alikuwa akinisimulia habari za unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya Marekani, ambao uliitwa hivyo kwa sababu ya rangi ya jezi. Alisema harufu yake ilikaa kwenye sufuria hata baada ya kuosha. Hata mashabiki wa Simba walikula Yanga, wangefanyaje? Katika miaka hiyo hiyo babu alipata kipande Moshono, wakati Moshono bado ni mashamba na mabonde, na bibi akapanda migomba, maharage na mnavu. Kila Jumamosi alitembea kwa miguu kutoka Unga Limited hadi Moshono na kurudi na mzigo kichwani. Watoto saba walikula kutoka kwenye kipande kile. Mshahara wa babu, alisema, ulikuwa wa chumvi na sare za shule.

Baada ya hapo ni mambo mliyosimuliwa na wazazi. Jumuiya ikavunjika 1977. Vita vya Kagera vikala fedha. Foleni za sukari, foleni za sabuni. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, wasio na kazi maalumu mjini wakikamatwa ili wapelekwe kuzalisha mashambani. Mshahara ukawa jina tu. Na nani walianza kufuga ng'ombe nyuma ya nyumba? Si mama wa Themi. Walikuwa walimu, manesi, makarani, maofisa wenye nyumba za serikali zenye uwanja. Tuliita miradi. Wengi wetu tunaosoma hapa tumesomeshwa na trei za mayai na chupa za maziwa za miradi ile, tusijifanye.

Utafiti wa Foeken, Sofer na Mlozi kuhusu kilimo cha mjini Morogoro na Mbeya, uliotoka kitabu mwaka 2004, ulionyesha jambo ambalo Arusha tunaliona kwa macho: mifugo mjini ni ya wenye nafasi zaidi kuliko ya maskini. Maskini hana uwanja. Mpangaji wa chumba kimoja utamwambia afuge wapi, chini ya kitanda? Anayetegemea zaidi bustani ndiye mwenye haki ndogo zaidi ya udongo. Ndiyo maana anaishia mtoni, mahali ambapo mtu hawezi kujenga kwa sababu ya mafuriko, kwa hiyo hakuna anayemfukuza, kwa muda.

Sheria nayo ikaja kumkuta huko. Kanuni za Kilimo cha Mjini za 1992 zilikubali kilimo mjini, na hilo lilikuwa jambo kubwa, lakini zilikuwa zikimfikiria mtu wa aina gani? Zilimwekea ukomo wa ekari 3. Ekari tatu! Mama yangu wa genge ana matuta sita. Halafu ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayokataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sheria nzuri, naiunga mkono nikiwa nimekaa mezani. Lakini chukua kamba upime mita 60 kila upande wa Themi ukiwa katikati ya mji. Bonde lote limekwisha, na pengine umeingia sebuleni kwa mtu mwenye ukuta na geti, na huyo hakuna aliyempigia picha.

Nami sikumpiga picha.

Miaka ya 1990 ndiyo iliyojaza kingo za mto. Mashirika yakauzwa au yakafa, Kiltex ikafungwa, watu wakapunguzwa kazi. Huku mlimani kahawa nayo ilikuwa imeanguka, maana mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ulivunjika 1989. Wameru wengi waling'oa kahawa au wakaipuuza, wakapanda nyanya, kabichi na ndizi za kuuza. Pale Tengeru, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilifungua tawi lake la Afrika mwaka 1992, jirani na watafiti wetu wa kilimo cha bustani. Nyanya za Tanya na Tengeru 97 unazokata kwenye kachumbari zimetoka huko, na mnavu na mchicha ambao bibi aliuchuma bila kuuliza mtu ukaanza kuhifadhiwa mbegu zake kwenye vyumba vya baridi. Bibi angecheka sana.

Basi mtu atasema: kama mboga zinatoka Tengeru na Meru, za Themi za nini? Nilimuuliza mama wa genge swali hilo, safari hii nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake na simu ikiwa mfukoni. Alinijibu kwa hesabu. Ukinunua kwa jumla Kilombero unahitaji mtaji wa asubuhi na nauli, na kisichouzwa hadi jioni ni hasara. Cha kwenye tuta unachuma kadiri ya wateja. Na kisichouzwa unapika. "Siku ya mvua hakuna mteja," akasema, "lakini watoto wangu wanakula mboga."

Nilichokuwa nimekiita sumu kilikuwa bima yake.

Sisemi maji ni salama. Si salama, na sitafuta niliyoyaandika kuhusu uchafu. Mchicha unaomwagiliwa maji yenye kinyesi ni hatari kwa anayekula na zaidi kwa anayechota. Wala maji "masafi" ya mlima wetu si masafi kabisa, tunajuana kwa meno. Madini ya floridi yanayotoka kwenye miamba ya Meru yanazidi kwenye chemchemi nyingi ule ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ndiyo maana mtu wa Arusha akicheka Dar wanamtambua. Ninachosema ni kwamba uchafu ule haukuanzia kwenye ndoo ya yule mama. Ulitoka juu yake, nami nikaandika kana kwamba yeye ndiye aliyeumwaga. Na saa moja kutoka hapo, upande wa Usa River, yako mashamba ya maua ya kupeleka Ulaya yanayomwagiliwa maji ya mlima huu huu. Sijawahi kutumwa kuandika habari zao kwa herufi kubwa.

Jirani zetu wamejaribu mambo. Kibera, baada ya vurugu za uchaguzi, kuanzia mwaka 2008 shirika la Solidarités lilisaidia familia kulima sukuma wiki kwenye magunia yaliyojazwa udongo na kutobolewa ubavuni. Gunia halihitaji mto wala hati. Hapa Arusha nimeona magunia kama hayo kwenye nyua za Daraja Mbili na Sombetini, lakini mwenye nyumba akitaka kuongeza chumba, gunia linatoka kwanza.

Vyumba vinaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika jiji, ya 2022 ikahesabu 617,631. Zaidi ya watu laki mbili ndani ya miaka kumi, na wote wanataka pa kulala. Moshono, Olasiti, Muriet, kulikokuwa na mahindi sasa kuna mawe ya mipaka na vibao vya simu za madalali.

Na hapa deni linafika nyumbani. Kipande cha bibi kule Moshono bado kipo. Mama analima nusu yake, mnavu, maharage na ndizi, na kila wiki analeta mzigo mjini, kwangu na kwa dada zangu wawili waliopanga. Mwezi jana baba mdogo alileta mnunuzi. Bei aliyotaja ingewasomesha wajukuu wote, na mimi ningepata sehemu ambayo, nakiri, nimeshaifanyia hesabu usiku zaidi ya mara moja. Baba mdogo si mtu mbaya. Anasema ardhi isiyo na nyumba mjini ni fedha iliyolala.

Nilimpelekea mama wa genge habari hiyo kana kwamba ni mkubwa wangu wa kazi. Alikuwa anafunga mchicha kwa nyasi. Aliuliza kama kipande kina maji. Nikasema kuna mfereji, msimu wa mvua tu. Akauliza mama yangu ana umri gani. Nikamwambia. Akanyamaza, akamaliza fungu lake, akalitupia beseni, kisha akasema kama familia wataona aibu kukodisha kwa mtu wasiyemjua, yeye wanamjua, na matuta manne yangemtosha.

Kikao cha familia ni Jumamosi.